Viwiliwili vya Faibaglasi

Générose Ndikuriyo alikuwa juu ya ngazi katika kanisa moja la Lilongwe, akimrudishia Bikira Maria rangi ya joho lake, pale mzee mmoja mwenye miwani mizito aliposimama chini na kumwuliza kama anajua kubandua rangi jinsi anavyojua kuipaka. Ilikuwa Juni 1995. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu afike kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mfuko mmoja na brashi tatu. Ufundi huo alifundishwa kwao Rumonge na sista mmoja aliyekuwa akitengeneza sanamu za parokia. Alimjibu mzee kwamba kubandua ni kazi ngumu kuliko kupaka, na kwamba yeye ndiyo anayoipenda zaidi.

Mzee huyo aliitwa Zénon. Alikuwa Mrundi kama yeye, ila alitoka nyumbani zamani, mwaka wa sabini na mbili. Alitengeneza mashine katika viwanda vya Kanengo mpaka akastaafu, na sasa alikaa mtaa wa Area 18 na mkewe, mama Bukeyeneza. Alikuwa na ndege tatu ndogo alizoachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Kila moja ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima, kiwiliwili cha faibaglasi, mabawa ya mbao, injini puani, ikirushwa kwa rimoti. Kila aliyezimiliki alizipaka rangi yake juu ya rangi ya mwenzake, hata zikawa nzito. Zilikuwa zikikimbia uwanjani, zikainua pua kidogo, kisha zikalala tena chini.

Moja alikuwa ameshaiua kwa mkono wake. Alinunua madukani Old Town dawa ya kutolea rangi ya magari, akaipaka, akaingia ndani kunywa chai. Aliporudi, rangi ilikuwa imetoka kweli, lakini na mwili nao ulikuwa umelainika kama nsima, ugali wa huko, iliyozidi maji. Na ule mvuke ulimkaa kifuani siku mbili.

Générose aliigusa ile ndege iliyokufa, akaona alama ya kidole chake inabaki.

"Dawa haina macho, mzee," alisema. "Rangi iko gundi, na mwili wa hii ndege iko gundi vilevile. Njo maana imekula vyote."

Wakapatana. Angelala kwao katika chumba cha nyuma Jumatatu hadi Ijumaa, kisha apande matola, pikapu za abiria, kurudi Dzaleka.

Alianza kwa kujaribu chini ya tumbo, mahali pasipoonekana, eneo lisilozidi ukucha. Alichovya msasa laini katika beseni la maji ya sabuni, akasugua kwa duara, akapangusa, akatazama. Ilipokubali ndipo alipohamia ubavuni. Palipokuwa na rangi iliyokwisha kuvimba aliisukuma kwa kipande cha rula ya plastiki alichokichonga ncha ikawa butu. Mzee Zénon alitaka waharakishe. Akauliza kama haifai kusugua pakavu, au kupitisha pasi ya mkaa. Générose alimwambia kwamba vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na likiingia kifuani halina njia ya kutoka, na kwamba moto ungeupinda mwili ule. Maji, alisema, yanachelewa lakini hayadanganyi. Mzee akaenda zake kukaa kivulini.

Siku zikaanza kuyeyukiana. Rangi ya juu ilikuwa kahawia, ikageuza beseni kuwa mto wa masika. Chini yake palikuwa na nyekundu iliyokolea, kisha njano, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba na kila chumba kimepigwa chokaa yake. Jua la baridi liliteleza ukutani. Mchi wa mama Bukeyeneza ulidunda uani kwa mwendo uleule wa msasa, na Générose hakujua tena ni upi unaomfuata mwenzake. Wakati mwingine alihisi kile kiwiliwili kinapumua mapajani mwake, kinavyopungua uzito.

Siku ya nane alifika kwenye bluu.

Ilikuwa bluu ya ziwa saa nne asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka. Aliisugua taratibu, na pwani ya Rumonge ikamjia, na mumewe Cishahayo akitembea mbele yake na viatu mkononi. Siku walipokimbia, Cishahayo alirudi nyumbani kufunga mlango, akasema watakutana njiani. Sasa alikuwa pale, anatembea tu, mchanga mwembamba ukimshika miguu, na Générose anamfuata bila kumwita, maana alijua akimwita atageuka, na akigeuka mambo yatakwisha. Mkono wake uliendelea. Duara, duara, duara.

Alipotazama tena beseni, maji yalikuwa meupe kama maziwa. Bluu ilikuwa imekwisha kitambo. Hata ile ngozi ngumu ya juu ya faibaglasi ilikuwa imekwisha, na karibu na pua ya ndege, eneo la ukubwa wa kiberiti, nyuzi zilionekana wazi kama za mkeka.

Aliipangusa maji. Puti kidogo, ile ya kuzibia mashimo, na rangi vingeficha kila kitu; mzee hakuwa na macho ya kuliona jambo hilo. Lakini hapo puani ndipo injini ingetetemekea, na puti haina mshiko. Jioni, mama Bukeyeneza alipokuwa akipakua, Générose aliiweka ndege mbele ya mzee, akamshika kidole, akakipeleka palepale.

"Mzee, nimeharibu. Mkono ulikuwa hapa, mi sikuwa hapa."

Zénon alipapasa kwa muda. Hakukasirika. Aliuliza alikuwa wapi.

"Rumonge."

"Mi pia naendaga kule," alisema mzee. "Siku moja nilienda nikiwa kazini Kanengo, mashine ikataka kunikata vidole." Kisha akamwambia ale, chakula kinapoa.

Kesho yake mzee alikwenda mjini akarudi na kipande cha kitambaa cha faibaglasi na kopo la gundi yake. Wakakibandika pamoja uani, upepo ukiwa mgongoni mwao, mikono katika glavu, wakaiacha siku mbili ikauke. Générose akailainisha kwa maji, akapaka tabaka moja tu la rangi ya chungwa, jembamba kama ngozi ya kitunguu. Zénon aliipokea kwa viganja vyote viwili, akaipima uzito. Akaingia ndani kuleta mabawa.

Waliirusha Ijumaa mchana. Ilikimbia vumbini, ikainua pua, na safari hii ardhi ikaiachilia. Mzee aliifuata kwa uso mpaka ilipoingia upande wa jua. Hapo Générose akaona vidole vya mzee vinasita juu ya rimoti.

"Iko wapi?"

"Iko kushoto, juu ya paa la bati. Inageuka. Lete kulia, polepole. Hivyo hivyo."

Vidole vikatii. Basi wakairusha namna hiyo, yeye akisema na mzee akifanya, mizunguko sita au saba, na sauti yake ikawa nyepesi kiasi kwamba hakuwa na hakika anaongea. Ilitua majanini, nzima. Walitembea kuifuata bila haraka, mzee akimshika bega, akieleza jinsi atakavyoipanga injini ya ile ya pili.

Jioni ile Générose alipanda matola kurudi Dzaleka na kiwiliwili cha pili mapajani, kimefungwa kitenge, rangi zake zote bado ziko juu. Mwanamke mmoja Mmalawi aliyebanwa kando yake alimwuliza kama ni samaki. Générose akamjibu kwa Kichewa chake cha kuungaunga kwamba ni ndege. Mwanamke akafikiri kidogo, kisha akasogeza kapu lake la nyanya ili mkia upate nafasi.

"Zikomo," alimshukuru Générose, na gari likashika njia ya Dowa.