Pengo la Reli Ndogo

Pengo lilikuwa la mita moja tu, na Lumbala alilijua kuliko mtu yeyote pale Kamina, kwa sababu ndiye aliyelikata.

Lakini Alhamisi ile alisimama pamoja na wengine akalitazama kama mgeni. Wagoneti, kigari cha reli cha kubebea magogo, ilikuwa imelala ubavu kwenye majani, magurudumu yake manne yanazunguka polepole hewani. Ubao wa mulombwa, mti mgumu, alioupiga randa siku mbili nzima ili uzibe pengo ulikuwa umepasuka kama muwa.

"Papa Lumbala," Mama Kapinga akasema, anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa, "ile wagoneti yako iko na akili. Imeona njia haiko, imeamua kulala."

"Cheka tu, mama. Tutaonana Jumatatu."

"Jumatatu minyi niko na mihogo yangu ya kuanika. Weye njo utaonwa, hapana minyi."

Reli yenyewe ilikuwa ndogo kweli. Mtu akiweka mguu mmoja huku na mwingine kule, hata suruali haivutiki. Zamani ilileta magogo kutoka msituni, kuni za mashini za moshi na miti ya kulaza chini ya reli kubwa. Miti ya karibu ilipokwisha na mashini za moshi zikaachwa, reli ndogo nayo ikafa. Vyuma vyake vikaingia katika nyumba za watu. Mpaka leo ukiinua macho juu ya milango ya mtaa ule utaviona vimebeba matofali, na kuvitoa ni kubomoa nyumba. Zilibaki hatua arobaini tu, toka mahali pa kushushia magogo hadi kwenye nguzo za tangi la maji. Hizo Lumbala alizilimia majani na kuzipaka mafuta machafu ya injini mwaka kwa mwaka. Baba yake alikuwa mfunga breki wa wagoneti zile. Yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, alikuwa mlinzi wa mwisho wa vyuma vilivyobaki.

Sasa watu walitaka kupima viwanja pale. Siku chache kabla ya ile Alhamisi, Monsieur Abdias wa ofisi ya jimbo alikuja na pikipiki, akatembea hatua zote arobaini na viatu vyake vizuri, akasimama kwenye pengo la chuma cha upande mmoja.

"Papa, Jumatatu nitarudia," alisema. "Kama ile wagoneti inatembea toka huku mpaka kule, nitaandika kama ni urithi, hakuna muntu ataigusa. Kama haitembei, siwezi kumudanganya mukubwa wangu, kumuandikia bongo. Vyuma vitaenda kwa wauza vyuma."

Ubao ulikuwa umeshindwa. Reli kubwa ni ndefu mno kwa kimo, haikai. Kipande kimoja tu cha reli ndogo kilikuwa bado huru Kamina nzima, na kipimo chake kilikuwa mita moja. Kilining'inia kwa waya mbele ya kanisa la Wametodisti, na Mama Kapinga alikipiga kila Jumapili kwa nondo kuita watu.

Kilikuwa pale miaka thelathini na nane. Kengele ya kanisa ilikuwa imepasuka, na Lumbala, mlinzi kijana wakati ule, akaona uchungu. Akakata chuma alichopewa kulinda, akawaambia wazee, "Nimekiokota." Wakamwimbia, wakampa jogoo. Na kila mwaka, siku ya kukumbuka kanisa, pasta yeyote aliyekuwapo alisema, "Tumushukuru Papa Lumbala kwa kengele," watu wakapiga makofi, na ile asante ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili iliyofuata ile Alhamisi ilikuwa siku ya shukrani. Pale kanisani mwenye shukrani anatokea mlangoni na watu wake, wanaimba, wanacheza, mkononi kuku au ndoo ya maharagwe. Lumbala aliingia peke yake, bila wimbo. Vigelegele vikaanza, vikakatika vyenyewe.

Pasta Manassé akainama kidogo. "Papa, umekuya na nini?"

"Nimekuya na mukono mutupu, Pasta. Na nimekuya kuomba." Akaonyesha nje kwa kidole. "Ile kengele sikuiokota. Niliikata kwenye reli niliyokuwa ninachunga. Niliiba. Munanishukuru miaka yote kwa kitu ya wizi. Na sasa reli inaitaka."

Kisha Mama Kapinga akasimama kwenye benchi la wamama, nondo yake ya kupigia kengele bado mkononi.

"Papa Lumbala, ile sii, musumeno ya kukatia chuma, uliazima kwa nani?"

"Kwa bwana yako, marehemu."

"Ulimurudishia na meno?"

Mtu akacheka nyuma, akaziba mdomo.

"Meno yote ilikuwa imekwisha!" Mama Kapinga akawageukia watu. "Bwana yangu aliiangalia ile sii, akaniambia: Kapinga, huyu Lumbala hakuwa anakata ndizi. Kesho yake kengele ikatundikwa. Weye unafikiri tulikuwa bapumbavu?"

"Mulijua?"

"Wazee wote walijua. Tulikuwa tunangoja weye ujue kama tunajua."

"Na mulikuwa munanishukuru?"

"Kuiba, uliiba. Na kengele ililia. Watoto wangu wote sita walibatizwa juu ya ile sauti. Ile mambo mbili hazigombane."

Kanisa zima likacheka, Lumbala naye akajikuta anacheka na macho yamelowa. Pasta akangoja watulie. "Na sisi tutaitwa na nini?"

"Niko na jante, ile chuma ya gurudumu ya lori, kule kwangu," Mama Kapinga akajibu. "Kuku wananywa maji ndani yake. Kuku watajipanga."

Baada ya ibada walifungua waya. Wakakibeba kile chuma barabarani kwa kuimba na kucheza, kama sadaka inayotoka badala ya kuingia. Lumbala akakilaza katika pengo. Kiliingia kama mtu anayerudi kitandani kwake. Meno ya sii yalikuwa yamekula unga kidogo wa chuma tu. Akakikaza kwa misumari mikubwa juu ya miti mipya miwili.

Jumatatu Monsieur Abdias alikuta watu wengi, na juu ya wagoneti, ameketi wima kama mke wa chifu, Mama Kapinga.

"Mama, shuka, inaweza kuanguka!"

"Ilikuwa inabeba magogo. Itanibeba minyi."

Wakasukuma. Lumbala alitembea kando, mkono kwenye ukingo wa wagoneti, hatembei kwa miguu bali kwa moyo. Gurudumu likafika penye pengo. Ubavuni mwa kile chuma, kwa juu, palikuwa na kishimo kilichochimbwa na nondo kwa miaka yote ile, na kila gurudumu la upande ule lilipokigusa likasema *ti*, kidogo tu. Mara mbili. Kisha wagoneti ikaendelea, ikaenda kusimama kwenye nguzo za tangi.

Monsieur Abdias aliandika juu ya goti: urithi. "Aliyeichunga ni nani?"

"Andika kanisa," Lumbala akasema.

"Andika yeye," Mama Kapinga akamkata. Akamtazama toka juu, bila mzaha safari hii, akamshukuru kwa lugha ya nyumbani. "Wafwako, Papa Lumbala. Aksanti ya kengele, na aksanti ya reli."

Lumbala akameza mate. Hakukuwa na mwiba.

"Eyo vidye, mama," akaitikia kwa heshima, kwa lugha ileile.

"Basi munisukume kurudi. Mvua inakuya, na mihogo yangu iko inje."