Aliyefunga Klachi

Kwa miaka kumi na saba nimekula chakula cha mchana chini ya Mteremko wa Gannon, nimekaa juu ya ndoo, huku mume wangu Verl akila chake juu. Kila Jumamosi ya kwanza ya Machi nusu ya bonde letu huenda huko na pikipiki za theluji. Wanaofika kileleni hula soseji za kulungu kileleni. Wasiofika hula maharage chini, na hakuna anayemshushia mwenzake hata kipande. Huo ndio utaratibu wetu hapa Wyoming, na sijasikia mtu akiulalamikia isipokuwa mimi.

Nami nalalamika kwa sauti. Nilitaka kula juu, basi. Sikutaka kombe wala kupigwa picha.

Kinachochekesha ni kwamba Verl ndiye fundi wa klachi wa bonde zima. Pikipiki ya theluji haina gia za kubadilisha. Ina puli mbili na mkanda. Ndani ya puli ya mbele mna vyuma vitatu ambavyo hutanuka injini inapozunguka, vikaubana mkanda. Vikiwa vizito mno, injini inalemewa. Vikiwa vyepesi mno, injini inazunguka ovyo, mkanda unateleza na kuungua. Kazi yote ni kupata uzito wa katikati, na Verl huupata kwa sikio. Geji ya mizunguko ya injini hatazami, anasema geji waliwekewa wageni. Tena ana kanuni aliyoachiwa na baba yake: ukipanda juu hewa ni haba, injini inaishiwa pumzi, kwa hiyo punguza uzito. Kwa miaka arobaini kanuni hiyo haijamwaibisha.

Msimu huu nikanunua pikipiki yangu yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, bila kumuuliza. Alininunia siku nne. Siku ya tano nikamkuta gereji amepiga magoti kando yake, anafungua kifuniko cha klachi, nikajua tumepatana. Lakini kuipanda, alikataa. Alisema injini inayohitaji kupuliziwa hewa ni mgonjwa, na yeye si nesi.

Jumamosi ilipofika theluji ilikuwa mpya, inafika kiunoni, na jua limewaka kweli kweli. Nilijaribu mara ya kwanza saa nne. Nilipita misonobari ya chini, nikapita ukingo wa kwanza, na nilipofika kwenye mwinuko mkali pikipiki ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikakosa nguvu, ikazama. Niliigeuza kwa mabega na kwa maneno ambayo mpishi wa shule kama mimi hatakiwi kuyajua, nikateremka.

Verl alikuwa amesimama chini, mkono sikioni. Wenzake wote walishapanda, ila yeye alibaki kwa ajili yangu, na hilo namhesabia.

Akasema imekabwa, haina pumzi. Akatoa vyuma akaweka vyepesi zaidi. Nikapanda tena. Safari hii ikakohoa mapema, hata ukingo wa kwanza sikuumaliza vizuri. Akapunguza tena. Nilipoinua kifuniko nikakuta vumbi jeusi limejaa kila mahali na mkanda umekuwa wa moto hata haushikiki. Mkanda ulikuwa unaliwa, nami nilikuwa na mmoja tu wa akiba.

Mara ya tatu nilifanya jambo ambalo mke wa Verl hafanyi. Nilitazama geji.

Kitabu cha pikipiki kinasema injini ile inatakiwa izunguke mara elfu nane na mia mbili kwa dakika. Pale ilipokohoa ilikuwa imepita elfu nane na mia nane. Niliizima papo hapo, nikakaa juu ya kiti katikati ya mteremko, theluji inaniingia shingoni, nikacheka peke yangu. Haikuwa imekabwa hata kidogo. Ilikuwa inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na kile kikohozi ni injini kujizuia yenyewe isipasuke. Sikio la Verl lilisikia kikohozi sawasawa. Lilichokosea ni ugonjwa.

Niliteremka nikaenda nyuma ya pikapu yetu. Kule kulikuwa na vile vyuma vizito vilivyokuja na pikipiki, ambavyo Verl alivitupa kwenye kopo akisema vitafaa kuzuilia karatasi. Nimempokeza mume wangu spana kwa miaka thelathini na moja. Huhitaji kufundishwa mara mbili. Niliunguza vidole viwili. Nikavaa mkanda mpya, nikachora mstari kwa makapeni kwenye uso wa puli, kutoka kati hadi ukingoni. Mkanda ukipanda vizuri unaufuta mstari wote. Usipopanda, wino unabaki ukakusuta.

Verl akatokea. Alitazama kopo, akatazama mikono yangu.

"Mama watoto, unaongeza?"

"Naongeza."

"Juu tunapunguza. Hata mtoto mchanga wa bonde hili anajua."

"Hiyo ni ya injini yako, inayovuta hewa yenyewe. Yangu inasukumiwa. Haijui kama iko juu au iko jikoni kwangu."

"Nimezifunga mia ngapi hizi, LaDawn?"

"Zenye tabo ngapi?"

Alivaa glavu zake taratibu, kidole baada ya kidole, akasema nikiunguza mkanda huo nitarudi nyumbani nikivutwa kwa kamba, na si yeye atakayefunga hiyo kamba. Kisha akawasha yake akapanda juu kwa wenzake. Nilibaki na watu wa maharage, wananitazama kwa huruma. Mazoea yana taabu; mmoja alikuwa ameshanisogezea ndoo.

Sitadanganya, niliogopa. Kama amesema kweli, basi nimejiaibisha mbele ya bonde zima. Na kama nimesema kweli mimi, nani atamwambia fundi?

Nikabonyeza mafuta.

Niliisikia tofauti kabla ya misonobari kwisha. Sauti ilishuka, ikawa nzito, ya kutulia, na badala ya kelele nikapata mwendo. Geji ikasimama elfu nane na mia mbili na haikucheza. Ukingo wa kwanza nikaupita nikiwa sijakaa sawa. Kwenye mwinuko mkali, pale palipokuwa panakohoa, pikipiki iliinua pua ikaendelea kuchimba, theluji inanipiga kifuani, nami nimeegemea mbele, napiga kelele ndani ya kofia ya chuma kama msichana wa miaka kumi na sita. Mara anga ikafunguka mbele yangu na ardhi ikawa tambarare. Nilikuwa nimefika. Nilisahau hata kusimama, nikawapita wanaume wote na moto wao na soseji zao, ikabidi nigeuze.

Heber, kaka yake Verl, ndiye mkubwa wa moto kule juu, na anayefika mara ya kwanza hapewi kitu mpaka Heber amuulize swali moja.

"Shemeji, karibu. Nani kakufungia klachi?"

Kwa miaka yote jibu limekuwa moja: Verl. Watu hulisema kabla hata ya kuvua kofia. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika kikombe, anatazama theluji, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Nikahisi kwamba nikisema jina lake hakuna atakayeumia, na soseji nitapewa vilevile. Kweli nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Akanitangulia.

"Kafunga mwenyewe," alisema. "Mimi nilimwambia apunguze. Nimemwambia mara tatu, na mara tatu nimekosea."

Heber alimwomba arudie, eti hakusikia vizuri. Wakacheka, na Verl akacheka pia, masikio mekundu. Akaja akapiga magoti kwenye pikipiki yangu, ile aliyokataa kuipanda, akafungua kifuniko. Aligusa mkanda kwa kiganja, akakiacha hapo muda mrefu. Ulikuwa vuguvugu tu. Akapitisha kidole kwenye uso wa puli: wino umefutika hadi ukingoni, hakukubaki hata nukta.

Sijawahi kumsikia Verl akimuuliza mtu yeyote kipimo cha klachi. Watu humuuliza yeye. Akiwa bado amepiga magoti, mbele ya kaka yake na mbele ya kila mtu aliyewahi kumletea kazi, aliniangalia kutoka chini.

"Gramu ngapi, fundi?"

Nikamwambia. Akairudia namba polepole, akaomba kalamu.