Magoti ya Daktari

Watu walimwita Daktari, ingawa chuo alichosomea udaktari bado hakijajengwa. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa ya kuchua viungo kwenye kona ya kituo cha mabasi, mbele ya duka la simu, kipaza sauti kikining'inia shingoni kwa waya.

"Goti linalia kama bawaba ya mlango? Nyonga imegoma? Paka leo, kesho cheza mpira!"

Dawa aliipika mwenyewe jikoni: mafuta ya mgando, kafuri, na pilipili ya kutosha kumfanya mgonjwa asahau goti aanze kuihangaikia ngozi. Wengi walirudi kununua tena. Mtu akiwashwa kiasi hicho, anaamini kuna kitu kinafanya kazi.

Shida ni kwamba magoti ya Daktari mwenyewe yalikuwa yamekwisha. Miaka ya kusimama kutwa juu ya saruji ilikuwa imeyala. Ngazi alizishuka kiubavu kama kaa. Kazini alifika kabla ya wateja na kuondoka wakishatawanyika, mtu asije akamwona anavyotembea.

"Si ujipake dawa yako?" mkewe alimwuliza siku moja, akimsaidia kuvaa viatu.

"Nimejipaka."

"Ikawaje?"

"Inawasha."

Mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni, na Daktari akamwonea wivu kwa jinsi alivyoketi.

Mwishowe akaenda hospitali kimyakimya. Daktari aliyesoma akaangalia picha, akamweleza kwamba gegedu la magoti, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, ila hali haijafikia kisu. Apunguze uzito, aimarishe misuli ya mapaja na nyonga. "Tafuta mtu wa mazoezi anayejua viungo," akasema. "Na yale mafuta wanayouza mitaani achana nayo, yatakubabua."

Daktari aliitikia kwa adabu, akificha vidole vyake vinavyonuka kafuri.

Mtu wa mazoezi anayejua viungo alikuwepo, tena nyumbani kabisa: mdogo wa mkewe, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyefungua chumba cha mazoezi ya pilatesi ghorofani, juu ya duka la mapazia. Lakini huyo shemeji ndiye aliyekuwa akisimangwa kila asubuhi kwenye kipaza sauti: "Wenzetu wanawalaza watu kitandani na kuwafunga kamba! Mimi nakupa kopo, unaondoka na heshima yako!" Sasa ilimbidi Daktari akampigie magoti, na magoti yenyewe hayapigiki.

Alichagua saa ya mchana watu wanapokula, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, akapanda ngazi akiguna. Ndani alikuta vitanda vyembamba vimepangwa mstari. Kila kimoja kilikuwa na reli mbili, kibao chenye godoro kinachoteleza juu yake, springi, kamba zenye vitanzi, na upau wa kukanyagia. Kwenye kitanda cha kwanza alikuwa amelala mwalimu mkuu mstaafu, mteja wake mkubwa kuliko wote, miguu yote miwili hewani ndani ya vitanzi. Pembeni yake askari wa trafiki, ambaye juzi tu aliapa kwamba kopo moja limemponya.

Wakatazamana.

"Nimepita tu, Daktari," mwalimu mkuu alisema, miguu ikiwa bado hewani.

"Hata mimi nimepita tu."

Askari akageuzia uso ukutani.

Shemeji mtu akatokea na taulo begani. "Karibu, shemeji. Umekuja kunifungia biashara au kufunguliwa magoti?"

"Punguza sauti," akanong'ona yule mtu aliyekula maisha yake yote kwa kupaza sauti.

Akalazwa chali, nyayo kwenye upau. "Niwekee springi zote," akasema, maana askari alikuwa anasikiliza. Shemeji akamwekea chache. Akasukuma, kibao kikateleza. Alikuwa amekwisha kunja uso kupokea maumivu, lakini hayakuja.

"Mbona haliumi?"

"Kwa sababu hujalibebesha mwili. Umelala, uzito wako umebebwa na kitanda. Goti linakunjwa na kukunjuliwa bila mzigo wa kilo zako, na paja linashindana na springi. Misuli ikipata nguvu, italisaidia goti kazi linayoifanya peke yake sasa. Rudi polepole, usijibamize."

"Kwa hiyo nitapona?"

"Gegedu lililolika halirudi, shemeji. Utaumwa kidogo kuliko sasa, na utaweza mengi kuliko sasa. Inachukua muda, na si kila mtu inamfaa sawa."

Daktari akamtazama kwa huruma ya kweli. "Kwa tangazo kama hilo, mdogo wangu, utakula nini?"

Wiki za mwanzo alijifanya mwanafunzi mtiifu. Kisha siku moja shemeji alipotoka kupokea simu, akajiongezea springi, akasukuma kwa kiburi. Goti likavimba kama andazi, akalala nyumbani akiwa na barafu, mkewe akimchungulia mlangoni huku akizuia kicheko, jambo lililouma zaidi. Aliporudi alifanya anachoambiwa. Bandu bandu huisha gogo: akaanza kuinuka kitini bila kushika meza, kisha siku moja akajikuta ameshuka ngazi akitazama mbele, kama binadamu.

Kituoni wakaona. "Daktari anatembea!" alipiga kelele kijana wa duka la simu. Makopo yakanyakuliwa. Watu waliokuwa wakimdharau wakapanga foleni, kila mmoja akitaka dawa iliyomponya Daktari.

Mbele ya foleni alikuwa bibi mmoja, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika kopo. "Mwanangu, niambie kweli. Ni hii uliyopaka wewe?"

Daktari akafungua kinywa kusema alichozoea kusema. Akayaona magoti ya bibi yakitetemeka chini ya kanga. Akasahau kuzima kipaza sauti.

"Hapana, bibi. Mimi nililazwa kwenye kitanda cha springi, pale juu ya duka la mapazia. Mazoezi, polepole, miezi. Hii itakuwasha tu."

Kisha mtu akacheka nyuma. "Mnamsikia? Dawa yenyewe anaificha, anawauzia wakubwa!"

"Tupe hiyo ya springi!" wakadai. Daktari akaapa, akaeleza habari ya mapaja na gegedu. Kadiri alivyoeleza, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba siri ni kubwa. Kesho yake asubuhi, kona ya pili, jirani yake aliyekuwa akiuza betri alikuwa amepanga chupa mezani na kutangaza Mafuta Halisi ya Springi. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamekwisha. Yule askari wa trafiki alinunua mbili, kwa tahadhari.

Bibi hakwenda kona ya pili. Siku ileile ya foleni alirudisha kopo mezani, akasema hana umri wa kuwashwa bure. Daktari akafunga meza mapema, akamshika mkono, wakapanda ngazi kidogo kidogo, wakipumzika njiani. Shemeji alimwuliza maswali mengi, akamtaka kwanza apimwe hospitali, kisha siku nyingine akamlaza na kumwekea springi moja nyepesi.

Bibi alisukuma, akarudi, akasukuma tena, akaitazama dari.

"Ndiyo hii tu?" akauliza.

"Ndiyo hii tu, bibi."

"Basi haina hata mbwembwe," akasema, akasukuma tena.