Maji Yanayobaki

Shairi la tatu lilikuwa na mti. Godelive alisoma mistari miwili, akaiweka karatasi mezani, akafumba macho. Kesho asubuhi watu wangejaa uani kwake kwa levée de deuil, siku ya kuondoa matanga ya mumewe Grégoire. Angevua nguo nyeusi mbele ya ukoo mzima, kisha angesoma shairi kabla ya chakula, kama wajane wa familia ile walivyozoea. Na mpaka jioni hii hakuwa na la kusoma.

"Mwalimu, Grégoire hakukuwa muti," alisema. "Alikuwa mufupi. Alikuwa ananifikia hapa." Akagusa sikio lake.

"Ni lugha ya kishairi, maman."

Mwalimu Mardochée ndiye aliyeandikia nusu ya mtaa wa Nyawera mashairi ya harusi na ya matanga. Shairi la kwanza lilimfanya Grégoire nyota, la pili likamfanya taa. Godelive alikuwa amemchoka mwalimu huyo.

"Na marehemu Didier, jirani yetu, si ulimuita muti vilevile?"

Mardochée akakohoa.

"Acha mwalimu aandike," alisema wifi yake Colombe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni. "Watu wanataka walie kidogo, kisha wakule."

Hapo Godelive akashindwa kujizuia. Mwaka mzima watu walikuwa wakimsimulia mume asiyemjua, mpole, mtakatifu, na sasa wanataka yeye mwenyewe asimame amsifu mgeni huyo.

"Basi andika hii," alisema. "Andika alikuwa ananimalizia maji."

Pale kwao bomba hutoa maji likipenda, na kila bidoni, dumu la plastiki, huja kichwani mwa mtu. Lakini Grégoire kila asubuhi aliosha viatu kwa nusu bidoni, polepole, akivigeuza na kuvisugua kama anayeogesha watoto wachanga. Kabla hajafika barabarani vilikuwa vimejaa tope. Godelive alimgombeza tangu walipooana mpaka wiki ile moyo wake uliposimama. Naye alikuwa akijibu tu, "Nasikia, maman," na kuendelea kumwaga.

Mardochée aliandika yote. Kisha akauliza, "Na sasa, maji?"

"Sasa inabaki."

Colombe aliacha mchele.

"Inabaki kila mangaribi," Godelive alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Naenda kuimwanga mu mufereji. Asubuhi nakuta bidoni haina maji, nagomba kama ni yeye alimaliza. Nagombeza mutu hayuko."

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Aliona haya, na roho ikamuuma vibaya.

"Niandike na hiyo?" Mardochée aliuliza.

"Andika. Na muti utoe."

Kesho yake alisimama kwa kitenge kipya cha bluu, akasoma:

Grégoire, ulinimalizia maji,
ukaviogesha viatu kama watoto wachanga,
tope likavingoja mlangoni.
Nilikugombeza ukiwa hai,
nikakugombeza ukiwa kaburini.
Leo maji yanabaki,
na sina wa kugombeza.

Kwenye mstari wa viatu watu walicheka, hata tonton Élie, mkubwa wa ukoo, aliyekuja amekunja uso. Kwenye mstari wa mwisho hakuna aliyecheka. Godelive alikunja karatasi, akakaa, akalia mbele yao wote bila kujifunika.

Jioni, wageni walipokwisha kunawa na kuondoka, bidoni moja ilikuwa bado na maji hadi nusu. Aliibeba mpaka ukingoni mwa mfereji kama kawaida yake, akaiinamisha, halafu akaisimamisha. Akarudi nayo ndani na kutafuta kifuniko. Hakikuonekana, maana Grégoire hakuwahi kukirudisha kifuniko mahali pake hata siku moja.

"Hata hiki ulipoteza," alimwambia.

Akachukua gunzi la mahindi, akaziba mdomo wa bidoni, akayaacha maji pale kwa ajili ya kesho.