Treni ya Kabla ya Uchaguzi

Koti lilikuwa na vifungo sita, lakini tumbo la Filimbi siku hizi lilikubali vinne tu.

"Vuta pumzi," mkewe alimwambia.

"Nimeshavuta."

"Basi usiiachie mpaka jioni."

Wakacheka. Koti lile lilikuwa limelala sandukuni miaka kumi na miwili, tangu treni ya mwisho ilipopita stesheni yao na kwenda zake bila kuaga. Filimbi alikuwa mshika bendera pale. Jina hilo walimpa watu wa mtaa, na kwa filimbi yake walijua wakati wa kuamsha watoto na wakati wa kuinjika chai.

Siku tatu nyuma mjumbe wa mtaa alimletea barua. Reli inafunguliwa upya Alhamisi, wiki mbili kabla ya uchaguzi. Mheshimiwa Waziri atakuwepo. Mshika bendera wa zamani anaombwa afike na sare yake. Filimbi aliisoma mara nne. Mara ya nne aliisoma kwa sauti, na kosa likaanzia hapo.

"Funga mzigo," alimwambia mkewe. "Unakwenda kumwona mdogo wako."

Mdogo mtu alikaa stesheni ya tatu. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, na sasa kwenye simu alisema maneno mawili, la tatu likamponyoka. Mabasi yalikuwepo, nauli imepanda mara tatu tangu mwaka uanze, lakini shida kubwa ilikuwa nyonga ya mkewe Filimbi. Barabara ile ni mashimo matupu. Mara ya mwisho alipojaribu alishushwa nusu ya safari, akalala kitandani wiki mbili. Treni ilikuwa habari nyingine. Enzi zile alikuwa akipanda na kitambaa chake cha kufuma, na akishuka mto mzima umekwisha kupata foronya.

Wakaenda stesheni taratibu, yeye kabeba begi, mkewe kabeba kikapu cha mayai ya kuchemsha na mkate. Njiani Filimbi hakunyamaza. Alimkumbusha simu ya kuzungusha kwa mkono, na stesheni masta akipaza sauti, "Njia i wazi?" Mpaka stesheni ya mbele ijibu, "Wazi!" bendera ya kijani haitoki.

"Unamkumbuka yule mkubwa aliyekuwa na haraka?" alisema. "Tulimkalisha dakika arobaini."

"Kisa mwenzenu wa stesheni ya mbele yuko chooni."

"Na mkubwa mwenyewe akasubiri kimya! Watu walikuwa na heshima, mama."

"Watu walikuwa na subira. Na tumbo la mwenzenu lilikuwa na lake."

Stesheni ilikuwa imepakwa rangi upande wa mbele tu. Ukizunguka nyuma, ukuta ulikuwa vilevile, na popo wake. Juu ya mlango palitundikwa kitambaa kirefu: TULIAHIDI, TUMETENDA. Na kwenye reli, kweli kabisa, kichwa cha treni na mabehewa mawili. Filimbi alisimama, akajifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Afisa uenezi, jamaa mwenye simu mbili na suruali ya kubana, akamdaka mkono. "Mzee wangu, umetoka bomba! Kazi yako ndogo. Waziri akimaliza, unapuliza, unapunga ya kijani, treni inaondoka, watu wanashangilia. Halafu mwandishi atakuuliza serikali imefanyaje miaka hii mitano. Unasema imefanya makubwa, treni nimeiona tena kwa macho yangu."

"Hilo nitalisema," Filimbi alijibu, na alimaanisha.

Akampandisha mkewe behewa la kwanza, kiti cha dirishani, kisha akaenda mbele kumsalimu dereva, kama ilivyokuwa desturi.

"Umepewa njia na stesheni ya mbele?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. "Mzee, hawakukwambia? Stesheni ya mbele siku hizi ni ghala la mkaa. Upande tuliotokea wamebandikabandika, tukafika. Huko mbele reli zinaishia pale konani, zilizobaki ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu. Tunakwenda mpaka kona, tunajificha nyuma ya miti, kamera zikizimwa tunarudi kinyumenyume. Kesho kichwa hiki kinakwenda kuzinduliwa kwingine."

Filimbi aligeuka. Mkewe alikuwa ametoa kiwiko dirishani, simu sikioni, anaongea kwa sauti ya mtu mwenye safari: "Jioni niko hapo! Mwambie binti yako anichemshie maji ya kuoga!"

Waziri alihutubia nusu saa. Wenye macho wameona, alisema, na wasioona wamenunuliwa. Makofi yakapigwa. Afisa uenezi akapunga simu zote mbili. Filimbi akatwaa bendera, akainyoosha juu.

Ilikuwa nyekundu.

"Ya kijani, mzee! Ya kijani!"

"Njia haiko wazi."

"Ni ya picha tu!"

"Bendera haijui mambo ya picha, bwana. Nitajie nani kaipokea hii treni huko mbele."

Dereva naye alizima injini, maana alifundishwa kuitii nyekundu. Watu wakaanza kucheka. "Kumbe danganya toto!" mwanamke mmoja alipaza sauti. Mwandishi, ambaye swali lake alikuwa ameandikiwa, akamsogezea Filimbi kipaza sauti. "Mzee, serikali imefanyaje miaka hii mitano?"

"Muulize mke wangu. Yule pale dirishani na mzigo wake, anakwenda kumwona mgonjwa. Muulize anashukia wapi."

Afisa uenezi akaifunika kamera kwa kiganja. Waziri akakumbuka ana kikao, akaondoka na magari manane, kwa barabara. Nusu saa baadaye kitambaa kilikuwa kimekunjwa na viti vinapakiwa kwenye lori.

Filimbi alipanda behewani.

"Wanachelewesha nini?" mkewe aliuliza.

"Treni haiendi, mama. Wala haikuwa inakwenda."

Alimweleza yote. Mkewe aliitumbukiza simu kikapuni.

"Nimeshamwambia nafika jioni."

"Najua."

"Na wewe, miaka yote ile hukuwahi kuachia treni kabla ya kuuliza."

"Safari hii nilitaka sana," Filimbi alisema. "Nikasahau kuuliza."

Dereva akachungulia. "Mama, samahani, shuka. Tunairudisha kule nyuma ilikolala."

"Sishuki. Nimefunga mzigo, nimevaa, nimeaga majirani. Treni inakokwenda, nakwenda."

Dereva akamtazama Filimbi. Filimbi akafungua vile vifungo vinne na kukaa kiti cha mkabala. Honi ikalia, behewa likashtuka, na stesheni ikaanza kuondoka taratibu kinyumenyume: ukuta wenye rangi, kisha ukuta usio na rangi. Mkewe aliegemeza kichwa dirishani, akafumba macho.

"Tukifika tunashuka?"

"Tunashuka."

"Basi mwambie dereva aende polepole."