Sindano za Mfupa

Tabita wa Chapwa, kule mpakani, alikuwa mfumaji hodari, ila sindano ndizo zilizomtesa. Za chuma zilimgandisha vidole kwenye baridi ya Juni. Za mianzi zilichanika, zikawa zinanasa uzi. Za plastiki alizisifia wiki nzima, kisha akazisahau karibu na jiko la mkaa zikajikunja kama tambi.

"Tumia mfupa, wifi," alimshauri Fortunata, dada wa mumewe. "Hauna baridi, haukwami, haupindi."

Osward, mumewe, akanunua mguu wa ng'ombe. Akauchemsha, akanywa supu, akaona basi, mfupa umeshakuwa safi. Akachonga kwa tupa, akasugua kwa msasa mpaka zikatoka sindano mbili nyeupe pee. Tabita alipozijaribu alipiga kigelegele. Uzi uliteleza wenyewe! Akaanza kumfumia Osward sweta la kijani, na majirani waliokuja kutazama akawaeleza habari za mifupa kama daktari.

Ukabaki mkono mmoja. Tabita akaacha kazi yake kwenye kigoda, akaingia ndani kugeuza maharage. Aliporudi, jibwa la jirani yake Nathanaeli lilikuwa limezing'ata sindano zote mbili, sweta likining'inia kama ndevu.

"Wewe! Weka chini!"

Jibwa likadhani limealikwa mchezoni. Likatoka mbio kuelekea mjini, donge la uzi likidunda nyuma yake, na Tabita nyuma ya donge, mwiko mkononi.

"Mkamateni! Ana sweta la mume wangu!"

"Yuko wapi huyo mwanamke?" akauliza muuza nyanya mmoja, akikaza kanga kiunoni tayari kwa vita.

Jibwa likavuka mpaka bila kumuuliza mtu. Tabita akasimama upande wa Tanzania akihema. Ng'ambo, mama mmoja wa Nakonde, mji wa nchi jirani, alikuwa akiuza dagaa.

"Mukwai, tafadhali mama, nisaidie! Shika huo uzi!"

Yule mama akavuta, jibwa nalo likavuta. Mwishowe akalirushia dagaa. Jibwa likaachama, sweta likaanguka, na sindano moja ikaanguka nalo. Ya pili ilikuwa imeshatafunwa ikaisha.

Mama wa dagaa akaja kumkabidhi. "Mama, huyu mbwa wako anafuma?"

"Bado anajifunza," Tabita akajibu.

Hakuwa na subira ya kungoja mguu mwingine wa ng'ombe. Akamalizia kwa mfupa mmoja na spoku ya baiskeli. Spoku ilikuwa nyembamba, mfupa mnene. Mstari mmoja ukabana, mwingine ukalegea, na ule mkono ukarefuka hadi gotini.

Jumapili Osward akalivaa hivyo hivyo kanisani. Kwaya ilipoanza akapiga makofi kwa furaha, mkono wa sweta ukamchapa mzee wa kanisa usoni.

"Samahani, mzee," alinong'ona. "Ni mfupa na spoku."

Tabita akajifunika kitabu cha nyimbo, akacheka mpaka benchi likatikisika.