Mwanga wa Uso Mmoja

...hapana, kamera ikipima fremu nzima itamtia mama giza, dirisha liko nyuma yao na kaka zangu wawili wamevaa mashati meupe kana kwamba wameambizana, kamera yenyewe haina kosa, inakusanya mwanga wote na kuutafutia wastani, na kati ya dirisha la mchana na uso wa mama aliyekaa kwenye kiti, anayeumia ni mama, kesho anapasuliwa moyo, daktari kaeleza mengi ila hakusema mama atarudi nyumbani, ndipo dada akanipigia simu, njoo na kamera, akasema, hakusema njoo tu, alisema njoo na kamera... sogeeni kidogo kushoto, nawaambia, wanasogea, naingia kwenye menyu, haya, ipime katikati, hapa afadhali, paji la uso linaonekana, lakini weupe wa mashati bado unaingia na macho yake yamebaki mashimo mawili, macho ya mama, hapana... watoto wa dada waliwahi kuipekua ile albamu ya sebuleni, harusi ya mama yao, mahafali ya kaka, hata mazishi ya baba, wakaniuliza, mjomba, kwani wewe ulikuwa wapi, nikacheka, nikasema nilikuwepo, wakadhani nawatania... mama anageuza shingo taratibu, huku, kisha huku, kama alivyokuwa akitupitia kwa macho kabla ya kupakua chakula, anauliza, "Tupo wote?" na dada, anamweka sawa kitambaa cha kichwa, hata hajainua macho, "Wote, mama," na mama anaitikia kwa kichwa, ameridhika, basi, wote, kidole changu kimeganda, ningeweza kusema na mimi je, ningeweza kutegesha kamera ipige yenyewe, nikimbie nijibanze pembeni, mtu mzima mwenye mvi anagombea nafasi ya kusimama, aibu gani, wote, amesema wote... kuna kipimo cha nukta, hiki hakijali dirisha wala shati la mtu, kinapima mwanga pale tu unapokielekeza, nakiweka kwenye shavu la mama, chini ya jicho, na kwenye kioo cha kamera dirisha linageuka jeupe tupu, mashati yanaungua kwa mwanga, bega la dada linamezwa, na mama anatokea, mama mzima, mikunjo, kovu dogo la kidevuni ambalo nilikuwa nimelisahau, na hofu, kumbe anaogopa, midomo kaibana ili isitetemeke, na wao wamemzunguka, wamemshika mabega, hakuna hata mmoja anayeuona uso wake, hawawezi, wote wanatazama huku, watalalamika kwamba picha imeungua, nitawapigia nyingine ya ukutani, hii acha iungue, mama, nakuona, nilikuwa nataka niitwe nije nisimame hapo, na hapo nisingeliona hili... "Bado tu?" anauliza kaka mkubwa, bado kidogo, nasema, tulieni hivyo hivyo, mama anapepesa macho, anatulia, na mimi sijagusa kitufe.